Kompyuta ya Nyumbani na Taabu ya Kubadili Mfumo Wake

(Mazungumzo kwa makatibu na watunza hazina wa vyama wanachama)



Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambacho hapana haja ya kukitaja jina, hesabu za mizani za misimu minne zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya kompyuta iliyokaa sebuleni kwa katibu, juu ya meza ileile ambayo watoto wake hufanyia kazi za shule. Chama hakikuwa na kompyuta yake. Katibu alijitolea kutumia ya kwake, na mkutano mkuu ukamshukuru kwa makofi. Asubuhi moja, siku nne kabla ya wakulima kulipwa malipo ya pili, kompyuta ile ilipowashwa haikuonyesha jedwali la kilo na fedha kama ilivyozoeleka. Ilionyesha ukurasa wa buluu, na katika ukurasa huo ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Katibu hakuwa na ufunguo huo, wala hakupata kusikia kwamba kitu cha namna hiyo kipo.

Mashine haikuwa imeharibika. Haikuingiliwa na mwizi wala na virusi. Kilichotokea ni kwamba miezi michache nyuma katibu alikuwa amebadili mfumo endeshi wa kompyuta yake, kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, tena alifanya hivyo kwa nia njema kabisa na baada ya kushauriwa. Kisa chake kitarudiwa mbele kidogo, maana hakieleweki bila ya kwanza kufahamu mfumo endeshi ni nini na kwa nini kuubadili kumekuwa mateso kwa watu wengi, walio mijini na walio vijijini.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kabla ya programu nyingine zote pindi kompyuta inapowashwa. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopokea herufi kutoka kwenye kibodi, inayojua faili lipi limewekwa wapi ndani ya diski, na inayozungumza na printa. Yafaa kuilinganisha na mtunza ghala. Wakulima hawaingii ghalani kila mtu kwa mlango wake. Wote hupitia kwake, naye ndiye ajuaye gunia la fulani liko safu ya ngapi. Siku mtunza ghala anapobadilishwa, magunia hayabadiliki. Lakini mgeni akiwa hajui alama zilizopigwa juu ya magunia, au akiwa hakukabidhiwa ufunguo wa chumba cha nyuma, kazi yote husimama ijapokuwa hakuna hata kilo moja iliyopotea. Wanaushirika wameona makabidhiano ya namna hiyo mara nyingi, na wanajua yanavyogharimu.

Taabu hii si ya jana. Mwaka 1991 MS-DOS toleo la 5 liliuzwa madukani ili mwenye kompyuta aweze kuboresha mashine yake mwenyewe nyumbani, na tangu hapo mwenye mashine amekuwa fundi bila ya kuapishwa. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, aliyeinunua katika diski laini alipewa diski 13, za kuingizwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu. Diski ya kumi na moja ikiwa na doa, kazi ya diski kumi za mwanzo ilikuwa bure. Maelezo ya kiwandani yalisema kompyuta yenye megabaiti 4 za kumbukumbu inatosha. Aliyeamini maneno hayo alipata muda mrefu wa kutazama alama ya kusubiri, kwa maana kwa kazi ya kweli zilihitajika 8 au zaidi.

Jambo hilo, yaani tofauti kati ya kile kinachosemwa kuwa kinatosha na kile kinachotosha kweli, lilirudi kwa nguvu zaidi mwaka 2007, wakati wa Windows Vista. Kabla ya Vista kutoka, kompyuta zilibandikwa kibandiko kilichodokeza kwamba zina uwezo wa kuichukua. Nyingi ziliweza kuchukua toleo lake la chini tu, lisilo na mapambo yaliyotangazwa, na wanunuzi wa Marekani wakaipeleka kampuni ya Microsoft mahakamani juu ya kibandiko hicho. Printa na skana zilizofanya kazi vizuri chini ya Windows XP zilikataa kuitika chini ya Vista, kwa kuwa watengenezaji wake hawakuwa wameandaa draiva, yaani ile programu ndogo inayoufundisha mfumo lugha ya kifaa fulani. Haishangazi kwamba watu wengi waliamua kubaki na Windows XP ya mwaka 2001, wakang'ang'ana nayo hadi msaada wake ulipokatwa tarehe 8 Aprili 2014, na wengine hata baada ya hapo.

Halafu ukaja mwaka 2015, na pamoja nao toleo la Windows 10, lililotolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8. Hapa ndipo taabu ilipogeuka sura. Zamani mtu alihangaika kuupata mfumo mpya. Safari hii mfumo mpya ulimfuata mtu. Kidirisha cha kumwalika kilijitokeza kila mara, na katika majira ya mwaka 2016 hata kukifunga kwa kubonyeza alama ya msalaba hakukuhesabiwa kuwa ni kukataa: mpango wa kubadilisha uliendelea kwa saa iliyokwisha kupangwa. Mwanamke mmoja mwenye ofisi ya wakala wa safari katika mji wa Sausalito, California, alidai kwamba kompyuta yake ya kazi ilijibadilisha bila idhini yake na baada ya hapo haikufaa tena. Mahakama ya madai madogo ilimpa dola 10,000, na kampuni ikaiacha rufani yake. Kwa mtu aliyezoea taratibu za ushirika, ambapo kunyamaza kwa mjumbe hakuandikwi katika muhtasari kuwa ni kura ya ndiyo, hukumu hiyo ni rahisi kuielewa.

Mwezi Oktoba mwaka 2018 likatokea lingine la kuogofya. Toleo jipya la Windows 10 lilianza kusambazwa tarehe 2 ya mwezi huo, na baadhi ya waliolipokea wakakuta mafaili yao yaliyokuwa katika kabrasha la nyaraka yamefutika. Usambazaji ulisimamishwa katika siku chache, na toleo lililorekebishwa likatolewa tena tarehe 13 Novemba. Waliopatwa walikuwa wachache miongoni mwa watumiaji wote, lakini kwa mtunza hesabu aliyepoteza vitabu vya mwaka mzima neno "wachache" halina faraja.

Baada ya kuyasikia hayo yote, mjumbe aweza kuuliza kwa haki: je, si afadhali kuuacha mfumo wa zamani mahali ulipo? Swali ni zuri, na jibu lake halipendezi. Mwezi Mei mwaka 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150, ikayafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila kompyuta ili iyafungue. Hospitali kadhaa za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Tundu lililotumiwa lilikuwa limekwisha kuzibwa mwezi Machi mwaka uleule. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuweka kiraka hicho, pamoja na waliokuwa na mifumo ambayo haikuwa ikiletewa viraka tena. Mfumo usioletewa viraka hauachi kufanya kazi. Huo ndio ubaya wake, maana mwenye nao haoni dalili yoyote mpaka siku aliyokosea kufungua kiambatisho.

Windows 10 ilifikishwa kwenye hali hiyo tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi uliwekwa mpango wa kuongezewa viraka vya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila fedha kwa aliyekubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake kwenye akaunti ya kampuni. Kwa taasisi bei ya mwaka wa kwanza iliwekwa dola 61 kwa kila kompyuta, na kuwa maradufu kila mwaka unaofuata, kwa miaka isiyozidi mitatu.

Na hapo ndipo kisa cha katibu kinapoanza.

Kompyuta yake ilinunuliwa ikiwa imetumika, lakini haikuwa mbovu. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski yenye nafasi. Hata hivyo alipoijaribu kuipima aliambiwa haistahili kupokea Windows 11. Sharti la kumbukumbu ni gigabaiti 4 tu, na la diski ni gigabaiti 64; kwa hayo mashine ilikuwa imepita. Lakini yapo masharti mengine ambayo mtu hayaoni kwa macho. Prosesa iwe katika orodha iliyoidhinishwa, ambayo kwa upande wa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane kilichotoka mwaka 2017. Pawepo kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, ambacho kazi yake ni kutunza funguo za siri ndani ya mashine. Na mashine iweze kuamka kwa njia ya usalama inayohakiki kila kitu kinachoamka nayo. Kwa masharti hayo kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zimefungiwa mlango, na wenye nazo hawana kosa lolote isipokuwa kununua mapema. Ni vigumu kumweleza mkulima kwamba mizani isiyo na hitilafu inatupwa kwa sababu haimo katika orodha.

Mashine ya katibu, kwa bahati, haikuwa ya kutupwa. TPM ilikuwamo ndani yake lakini ilikuwa imezimwa tangu kiwandani, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za miaka ile. Katibu hakujua hilo. Alitumia majuma mawili akinunua bando la intaneti na kupakua tena na tena, maana faili la usakinishaji lazidi gigabaiti 5, na mtandao wa kijijini ulikuwa ukikatika likiwa limebaki kidogo. Mwishowe akaichukua mashine hadi mjini kwa fundi.

Fundi alikuwa kijana hodari, na katika mazungumzo haya hapana nia ya kumlaumu. Aliingia kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, akaiwasha TPM, akaona kwamba diski nayo ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani usiokubaliana na njia mpya ya kuamka. Ipo namna ya kugeuza mpango wa diski bila kufuta kitu, lakini yeye alichagua njia aliyoizoea: alinakili mafaili ya katibu kwenye flashi, akaifuta diski yote, akasakinisha Windows 11 upya, kisha akayarudisha mafaili. Mwishoni mfumo ukadai akaunti ya Microsoft, kwa maana toleo la nyumbani haliruhusu kumaliza usakinishaji kwa njia ya kawaida bila ya akaunti hiyo na intaneti. Katibu alikuwa amekwenda kunywa chai, wala hakuwa na barua pepe anayoikumbuka nywila yake. Fundi akaingiza akaunti yake mwenyewe ili kazi iishe kabla ya basi la jioni.

Tendo hilo la dakika moja ndilo lililozaa yote yaliyofuata. Kuanzia matoleo ya Windows 11 ya mwaka 2024, kompyuta inaposakinishwa upya na kuingizwa akaunti, diski hufungwa kwa maandishi ya siri bila mtumiaji kuulizwa. Kusudi lake ni jema: mwizi akiiba kompyuta hataweza kusoma kilichomo. Ufunguo wa kila siku hukaa ndani ya TPM, na mwenye mashine haoni chochote. Ufunguo wa akiba, wenye tarakimu 48, hupelekwa kwenye akaunti iliyoingizwa. Kwa hiyo hesabu za mizani za wakulima wale zilifungwa kwa kufuli, na ufunguo wa akiba ukawekwa katika akaunti ya kijana mmoja wa mjini ambaye si mwanachama, na ambaye mwenyewe hakutambua kwamba amekabidhiwa.

Nyumbani, taabu ya kwanza kuonekana ilikuwa printa. Mtengenezaji wake aliacha kuitolea draiva mifumo mipya, na kwa juma la tatu mfululizo stakabadhi za wakulima ziliandikwa kwa mkono. Katibu alitaka kuurudia mfumo wa zamani, akasikia kwamba yapo majuto ya siku kumi: aliyepandisha toleo aweza kurudi nyuma ndani ya siku hizo. Lakini haki hiyo ni ya aliyepandisha juu ya mfumo uliopo. Aliyefuta diski hana pa kurudi. Ile flashi iliyobeba nakala ilirudishwa kwake ndani ya bahasha. Mtoto wake wa tatu akaichukua, akaisafisha, akajaza nyimbo.

Miezi ikapita kwa amani. Kisha ikaisha betri ndogo ya mviringo iliyomo ndani ya kompyuta, mfano wa ile ya saa ya mkononi, ambayo hutunza mipangilio ya mashine umeme unapokuwa haupo. Mipangilio ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, yaani TPM ikazimika. Mfumo ulipoamka na kukuta mtunza funguo hayupo, ulifanya kama ulivyoagizwa: ukafunga mlango na kudai ufunguo wa akiba.

Kwa siku mbili katibu hakumwambia mwenyekiti. Jambo hilo halistahili kusifiwa, ingawa laeleweka. Mtu aliyepigiwa makofi na mkutano mkuu kwa uaminifu wake huona haya kusema kwamba hesabu za watu zimo sebuleni mwake naye hawezi kuzifikia. Naye alijua fika minong'ono ingeanzia wapi. Vijijini hakuna anayeamini kwamba kompyuta imekataa yenyewe. Husemwa kwamba fedha zimeliwa. Siku ya tatu alimwendea mwenyekiti usiku, akamweleza yote. Mwenyekiti, mzee ambaye hajapata kugusa kibodi, aliuliza swali moja tu: "Nani alikaa mbele ya mashine hii kabla yako?"

Fundi alikuwa amehamia mkoa mwingine. Namba yake ilipatikana kwa muuza vocha aliyepakana na kibanda chake cha zamani. Alipoambiwa, naye akashtuka. Akafungua akaunti yake katika simu, akakuta orodha ya funguo za kompyuta za watu wengi. Ukurasa ule wa buluu, kwa bahati njema, huonyesha pia kitambulisho cha ufunguo unaotakiwa, nacho ndicho kilichowawezesha kuuchagua wa katibu. Kisha tarakimu 48 zikasomwa kwa simu, mafungu manane ya tarakimu sita sita, mtandao ukikatika mara tatu, mwenyekiti akiandika kwa kalamu nyuma ya fomu ya mkopo na katibu akirudia kwa sauti. Fungu la tano lilikosewa, wakaanza upya. Ilipotimu saa nne usiku jedwali la mizani likafunguka. Wakulima walilipwa siku iliyopangwa, na betri mpya ilipatikana kwa bei isiyofikia nauli ya kwenda mjini.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kuachana na mifumo ya kampuni na kuchukua Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na ambayo hujengwa kwa mchango wa watu wengi na kugawanywa bure. Kwa mwanaushirika wazo hilo lina mvuto wa pekee, na tena si geni kwa Waswahili: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Ni kweli pia kwamba Linux huamsha kompyuta nyingi zilizokataliwa na Windows 11. Lakini katibu mwenye printa moja na jirani asiyejua Linux atahama taabu moja na kuingia nyingine, isipokuwa kama vyama kadhaa vya jirani vitahama pamoja na kumgharimia fundi mmoja. Hilo lastahili kujadiliwa katika mikutano ya kanda, na mazungumzo haya hayataliamulia hapa.

Lisilohitaji mjadala ni mambo machache yaliyokiukwa katika kisa hiki. Akaunti ya kompyuta yenye hesabu za chama huandikwa kwa jina la chama, na nywila yake haiwi kichwani mwa mtu mmoja. Mafaili hunakiliwa mahali pawili kabla fundi hajagusa kitufe, na nakala moja haikai katika nyumba yenye watoto. Printa, skana na programu ya hesabu huulizwa kwanza kama zitakubaliana na mgeni. Jibu likiwa hapana, ni afadhali kujua kabla ya msimu kuliko katikati yake. Hakuna anayebadili mfumo katika mwezi wa malipo. Na jedwali la mizani huchapwa kwenye karatasi kila mwisho wa juma na kutiwa saini, hata kama vijana watacheka.

Katika chama kile, kamati ilikutana juma lililofuata. Hapakuwa na makofi, wala katibu hakuondolewa. Ilikubaliwa kwamba kompyuta ya chama inunuliwe msimu ujao, na kwamba hadi hapo ile ya sebuleni iendelee kutumika ikiwa na akaunti mpya. Tarakimu 48 zilinakiliwa kwa mwandiko wa wazi katika karatasi mbili. Moja ilitiwa katika bahasha ikapigwa lakiri mbele ya wajumbe na kuwekwa ndani ya sanduku la fedha, pamoja na hati ya kuandikishwa kwa chama. Ya pili mwenyekiti aliikunja, akaenda nayo kwake, na mtunza hazina akaandika katika muhtasari tarehe na saa aliyoondoka nayo.